Swichi kuu: nyuma ya mlango au ukutani nje?

Kwetu Langoni, Lamu, swichi kuu, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, iko ndani, nyuma ya mlango wa ukumbini. Uzuri wake naujua: chumvi ya bahari haiifikii upesi, na watoto wa mtaa hawaichezei. Lakini nyumba ikishika moto na moshi ukatanda, nani ataingia kuipapasa gizani? Zimamoto anayemwaga maji huku nyaya zina volti 240 anahatarisha roho yake, na makuti hayasubiri mtu.

Ya nje huzimwa bila kuvuka kizingiti. Marekani, kanuni za umeme za 2020 zilianza kudai swichi ya dharura nje kwa nyumba mpya za familia moja au mbili. Nami naichagua hiyo, ila iwe ndani ya sanduku la plastiki ngumu lisiloingiza maji, maana bati huku huliwa na kutu. Na jamani, msiifunge kwa kufuli ambalo ufunguo wake umetundikwa chumbani!

Hata ukiizima, waya unaotoka kwenye nguzo hadi swichini bado una umeme. Paneli za sola nazo huzalisha maadamu kuna jua. Zinahitaji swichi yao.