Kutafuta faili ya kesi ya jinai Nairobi: tovuti mbili na kaunta moja

Anayetaka kujua kesi ya jinai iliishia wapi jijini Nairobi ana milango mitatu: tovuti ya Kenya Law, mfumo wa Mahakama wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, na kaunta ya masjala. Yote mitatu iko wazi, na yote mitatu humwangusha mtu anayekuja na jina tu mkononi.

Kinachofungua mlango ni namba ya kesi, na wengi huteleza hapo kabla hata ya kuanza. Hati ya mashtaka hubeba namba zaidi ya moja. Kuna ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kuna ya kesi ya polisi, na kuna ya mahakama. Karani wa masjala hufanya kazi na hiyo ya mwisho peke yake. MCCR ni kesi ya jinai mbele ya hakimu, MCSO ni makosa ya ngono, MCTR ni trafiki, HCCRA ni rufaa ya jinai katika Mahakama Kuu. Kisha hufuata namba, kisha mwaka. Herufi E mbele ya namba inaonyesha kwamba faili ilifunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, ulioanza Nairobi Julai 2020. Mwaka huo wa 2020 ndio wenye mtego: kesi namba 310 na kesi namba E310 za mahakama ileile ni kesi mbili tofauti. Ukiiacha hiyo E kwenye barua, jiandae kurudi.

Mtego mwingine ni faili za maombi. Polisi wakimfikisha mshukiwa kortini ili waruhusiwe kumzuilia siku kadhaa kabla ya kumshtaki, hufunguliwa faili ya maombi yenye namba yake. Akija kushtakiwa, kesi hupata namba nyingine kabisa. Magazeti hupenda siku ile ya kwanza, kwa hivyo mtu husoma habari, akaandika namba ya maombi, kisha akashangaa faili haina ushahidi wala hukumu.

Halafu kuna swali la mahakama ipi. "Korti ya Nairobi" si jibu. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu pekee, kwa hivyo faili hizo utazitafuta Milimani katika Kitengo cha Jinai. Wizi wa mabavu, ingawa nao una adhabu ya kifo, huanzia kwa hakimu. Kesi za ufisadi zina mahakama yake maalumu humo humo Milimani. Makadara hupokea nyingi za mitaa ya Eastlands, Kibera huchukua za upande wa Lang'ata na Kilimani, korti ya uwanja wa ndege wa JKIA hupokea za dawa za kulevya na nyara za wanyamapori zinazonaswa pale, na ugaidi hupelekwa Kahawa, jirani na gereza la Kamiti. Ukivunja sheria ndogo za kaunti, utajikuta katika korti ya City Hall. Kituo cha polisi kilichomkamata mtu ndicho dalili bora ya kukuelekeza.

Kati ya hiyo mitatu, Kenya Law ndiyo huduma bora, na haikutozi hata senti. Ni tovuti ya Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, na hukumu unazisoma nzima nzima, bila kujisajili. Unapotafuta, jaribu pande zote mbili: "Republic v" kisha jina la ukoo kwa kesi ya awali, na jina likitangulia "v Republic" kwa rufaa. Majina ya Kikenya huandikwa kortini jinsi karani alivyoyasikia, basi jaribu Mohamed, Mohammed na Muhammad kabla ya kukata tamaa. Hukumu za zamani zina alama ya eKLR. Za miaka ya karibuni zina namba kama [2022] KEHC, ambapo KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Mahakama ya Rufani, KESC ni Mahakama ya Juu na KEMC ni mahakama za hakimu. Namba hiyo ni anwani ya hukumu kwenye tovuti. Haifungui faili masjala, kwa hivyo ukiwa hapo hapo nakili pia namba ya kesi iliyo kwenye mabano.

Ila ijulikane kinachopatikana: maamuzi, si mafaili. Hutapata hati ya mashtaka, vielelezo wala maneno ya mashahidi, isipokuwa pale jaji alipoyanukuu. La kuumiza zaidi ni kwamba kesi nyingi za jinai huishia kwa hakimu, na maamuzi ya mahakimu yaliyo kwenye tovuti ni machache mno. Ukikosa jina humo, usiseme mtu huyo hajawahi kushtakiwa. Katika makosa ya ngono na kesi za watoto, wahusika huandikwa kwa herufi za mwanzo tu, na inafaa kuwa hivyo.

Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao umetengenezewa mawakili na wenye kesi, na ukiutumia utaligundua hilo mara moja. Mhusika aliyejisajili hupata tarehe, stakabadhi na ankara ya malipo. Mtu wa nje hana mengi ya kuvuna. Kinachomsaidia yeye ni orodha ya kesi za siku, ambayo huwekwa mtandaoni na kubandikwa kwenye mbao za matangazo mahakamani. Humo unaona namba, majina, hakimu, na kama kesi inatajwa, inasikizwa au inasomewa hukumu. Kama unajua siku mtu aliyopelekwa kortini lakini hujui namba, orodha ya siku hiyo itakupa kwa dakika chache kile ambacho kaunta ingekitafuta asubuhi nzima.

Sasa kaunta. Huwezi kuikwepa, na kwa kesi za hakimu ndiyo chanzo chenyewe. Nenda na kitambulisho na barua mbili zinazofanana, moja ya kuacha na moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Katika Mahakama Kuu barua huandikiwa Naibu Msajili. Kwa hakimu, Msimamizi wa Mahakama. Taja unachotaka kipande kwa kipande. Barua inayosema "naomba rekodi za kesi" hupata jibu la polepole kuliko inayosema hivi: "Naomba nakala mbili zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, hukumu na amri ya adhabu katika kesi MCCR/E…/2022, Jamhuri dhidi ya …, iliyoamuliwa tarehe …, kwa ajili ya ombi la viza."

Kuomba kuipekua faili ni jambo moja, kuomba nakala ni jingine, na kila moja ina ada yake. Anza na kupekua. Unalipa kidogo, unasoma mbele ya karani, unaandika tarehe na kurasa unazohitaji, kisha unaomba nakala za kurasa hizo tu. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Akitokea mtu koridoni anayeweza "kuisukuma faili", mshukuru uendelee na safari yako.

Kinachochelewesha zaidi ni mwenendo wa kesi, yaani maneno yote yaliyosemwa kortini. Mahakimu wengi wameuandika kwa mkono, na hauwezi kuthibitishwa mpaka uchapwe na kusomwa upya. Hapo ni wiki, mara nyingine miezi. Kama unachohitaji ni kujua tu kesi iliishaje, usiombe mwenendo. Omba hukumu au amri ya mwisho. Faili pia huweza kukosekana kwa sababu za kawaida kabisa: iko mezani kwa hakimu ikisubiri uamuzi, au imeitwa Mahakama Kuu kwa ajili ya rufaa. Muulize karani kama kuna namba ya rufaa, kisha uifuate huko. Za zamani sana huondolewa masjala. Nyingine huhifadhiwa kwenye Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, na nyingine huharibiwa kihalali chini ya Sheria ya Uondoaji wa Kumbukumbu, Sura ya 14.

Haki yako inategemea wewe ni nani katika kesi. Mshtakiwa anasimama mahali pazuri kuliko wote. Kifungu cha 50(5) cha Katiba kinampa nakala ya mwenendo, na kifungu cha 170 cha sheria ya utaratibu wa jinai, ile mawakili wanayoiita CPC, kinasema nakala ya hukumu apewe bila kuchelewa na bila malipo. Wengi hulipia wasichopaswa kulipia kwa kutokijua kifungu hicho. Mwingine yeyote aliyeguswa na uamuzi huomba chini ya kifungu cha 392, kwa kulipa. Rufaa kutoka kwa hakimu ina siku 14, lakini kifungu cha 349 kinailazimu Mahakama Kuu kuipokea iliyochelewa kwa sababu nakala hazikupatikana kwa wakati. Ndiyo maana ile barua ya pili yenye muhuri ni mali: ndiyo ushahidi wa siku uliyoomba.

Asiyehusika kabisa, kwa mfano mtafiti au mwandishi, aeleze sababu yake waziwazi. Barua ikikaa bila jibu, raia anaweza kuandika upya chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi hukubaliwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na jibu hutakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Hata hivyo sheria hiyo haifungui kila kitu. Kwa kesi ambazo umma ulitolewa nje chini ya kifungu cha 50(8) cha Katiba, na zile za watoto, kukataliwa hakuna ubishi.

Ukishaipata faili, soma kwa makini namna kesi ilivyoisha, maana neno "aliachiliwa" huficha mengi. Kuondolewa kwa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha CPC si kuondolewa hatia. Mtu anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Kifungu cha 202, mlalamishi asipofika, na cha 210, mtu anapokutwa hana kesi ya kujibu, ni kuachiliwa kwa kuondolewa hatia. Cha 215 ni uamuzi baada ya pande zote kusikizwa. Mwajiri anayesoma 87(a) kana kwamba ni 210, au kinyume chake, anamkosea mtu.

Wala faili ya korti si cheti cha tabia njema. Hicho hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa alama za vidole zinazochukuliwa kwenye fomu ya C-24, na huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050. Balozi zinazotoa viza za kuhamia, ya Marekani ikiwemo, huweza kudai vyote viwili kwa mtu aliyewahi kupatikana na hatia. Basi kabla ya kuondoka kaunta, hakikisha kila ukurasa una muhuri na sahihi ya uthibitisho, na kwamba jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Likitofautiana na lililo kwenye faili, karani hawezi kulibadilisha. Utahitaji kiapo cha kueleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.