Kabati la Nguo za Kihindi: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Isubiri

Wengi huanza na lehenga, sketi ndefu pana ya sherehe, na hapo ndipo fedha inapopotea. Mwaliko wa harusi umefika, duka linang'aa vioo na shanga, na bajeti yote inaishia kwenye nguo moja nzito ya siku moja. Hapa nguo zimepangwa kwa wingi wa siku utakazozivaa. Fungu la fundi litenge kabla ya fungu la kitambaa, kwa sababu nguo nyingi za Kihindi huuzwa zikiwa bado hazijashonwa.

1. Panjabi ya pamba

India huitwa shalwari kamizi. Kwetu wengi wanaijua kama panjabi. Inafaa kazini, safarini, hata kwenye sherehe ya Diwali ukiipa mtandio mzuri. Isiyoshonwa huja vipande vitatu: takriban mita 2.5 za gauni la juu, mita 2.5 za suruali na mtandio wa mita 2.25 au zaidi. Loweka kila kipande peke yake kwenye maji baridi usiku kucha kabla ya kukipeleka kwa fundi. Pamba hurudi, na ikirudi baada ya kushonwa kwapa ndiyo hubana kwanza.

Mpasuo wa pembeni uanzie usawa wa nyonga. Ukianzia kiunoni, ukiketi ubavu unabaki wazi.

Mbili zinatosha kuanzia: moja ya rangi nyepesi yenye nakshi ya Lucknow iitwayo chikankari, nyingine ya ajrakh, kitambaa cha Kutch kinachopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Kwa chikankari, geuza kitambaa nyuma. Kazi ya mkono ina vifundo na nyuzi zinazoruka huku na huku. Ya mashine ina uzi wa pili unaokwenda sawasawa chini ya kila mshono. Ajrakh ya nili huchuja rangi, basi ifuliwe peke yake mara za mwanzo.

2. Sari nyepesi

Anayejifunza achukue jojeti yenye uzito kidogo au pamba laini. Pamba iliyotiwa wanga huvimba kiunoni, na shifoni huteleza mpaka marinda yafumuke. Sari ya kawaida ina mita 5.5, na mara nyingi mwishoni huongezwa sentimita 80 za blauzi. Uliza kama urefu uliotajwa umejumuisha blauzi: sari ya "mita 5.5 pamoja na blauzi" itakuacha na palu fupi, lile pindo la begani, au marinda manne badala ya sita.

Blauzi ndiyo inayoharibu sari nyingi nzuri. Pimwa ukiwa umevaa sidiria utakayoivaa siku hiyo, siyo nyingine. Mwambie fundi aweke bitana ya pamba, kulabu za mbele zisizopungua tano, na akiba ya sentimita 3 ndani ya kila mshono wa ubavu, ili blauzi iweze kuachiliwa mwili ukiongezeka. Sentimita 80 hazitoshi mikono mirefu kwa mwenye kifua kikubwa. Nunua kitambaa cha ziada mapema, rangi ileile haipatikani baadaye.

Gaguro liwe la pamba, rangi ya sari, na kiuno chake kifungwe kwa kamba. Mpira huvutwa chini na uzito wa kitambaa, na saa mbili baadaye upindo unafagia sakafu. Satini nayo huteleza. Urefu uishie sentimita 2 au 3 juu ya upindo wa sari.

Kuna pia foli, utepe wa upana wa sentimita 12 hivi unaoshonwa ndani ya upindo wa chini ili marinda yaanguke vizuri na kitambaa kisichanwe na visigino. Ufue utepe huo kwanza. Ukirudi baada ya kushonwa, upindo wote unajikunja kama jani kavu, na dawa yake ni kufumua tu.

Vaa viatu kabla ya kuanza kujifunga. Ukivivaa mwishoni, sari inaning'inia juu ya kifundo.

3. Kurta ya kiume

Kurta ni shati refu linalovaliwa juu ya suruali. Chukua moja nyeupe au ya rangi ya krimu, ya pamba, inayofika magotini. Suruali ya churidari, ile inayobana mguu, lazima ikatwe mshazari na iwe ndefu kuliko mguu, ndipo ijikunje kifundoni kama bangili. Ikikatwa kwa uzi ulionyooka hupasuka gotini. Asiyeipenda achukue suruali pana.

4. Sari ya hariri

Hapa usiwe na haraka. Zinazotajwa zaidi ni Banarasi ya Varanasi na Kanjivaram ya Kanchipuram, Tamil Nadu. Patola ya Patan, Gujarat, ambayo nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, huchukua miezi mingi kwenye kitanda cha kufumia. Ukiuziwa kwa bei rahisi, jua ni chapa iliyoigiza.

Omba nyuzi chache kutoka ncha ya palu, za mtande na za mshindio, uzichome kila aina peke yake. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake hupondeka kidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Kuchoma upande mmoja hakutoshi, maana vitambaa vingi huchanganya hariri na poliesta. Lebo ya Silk Mark, iliyoanza India mwaka 2004, inathibitisha hariri. Haisemi kitu kuhusu zari, zile nyuzi za madini zinazong'aa kwenye nakshi.

Zari halisi ni fedha iliyopakwa dhahabu. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana: wekundu wa shaba au weupe wa plastiki unakuambia kwamba bei ishuke. Ya shaba itakuja kuwa nyeusi, na kwa unyevu wa Mombasa au Unguja haitachelewa.

Hifadhi ndani ya kitambaa cha pamba, kamwe si mfuko wa plastiki. Kila miezi mitatu ikunje upya mahali pengine, kwani zari hukatika penye kunjo. Manukato yasiiguse.

5. Lehenga na sherwani

Azima au kodi, hata sherwani, lile koti refu la kiume la sherehe. Ukilazimika kununua lehenga, pima urefu ukiwa na viatu vya siku yenyewe, na fundi aache sentimita 5 za upindo ndani. Ivute mishono ya kiuno kwa mikono miwili kabla ya kulipa: uzito wote wa shanga unaning'inia pale.