Uzoefu wangu na kituo cha jamii cha kulelea watoto mchana, Dodoma

Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuja kwetu kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi akiwa hajatimiza miaka mitatu, uzito wake ukiwa chini ya umri wake na lugha yake ikiwa Kigogo pekee. Mimi ni mtumishi katika Mji wa Serikali Mtumba, mume wangu ana biashara katika soko la Sabasaba, na nyumbani hatuna mtu mzima wa kubaki naye mchana. Ninaandika kuhusu kituo cha jamii kilichompokea, kilichopo upande wa barabara ya Singida, kwa kuwa wazazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama kinafaa. Kinafaa, hasa kwa mtoto aliyeanza maisha kwa upungufu, ingawa kina kasoro ambazo mzazi anapaswa kuzijua kabla hajalipa ada.

Kabla ya hapo tulimpeleka kwenye dei kea ya mtu binafsi yenye kuta zilizochorwa katuni na watoto wanaoimba kwa Kiingereza, kwa ada iliyozidi ya sasa mara kadhaa. Alirudi jioni moja akiwa na alama ya kuungua mkononi, na hapakuwa na mlezi hata mmoja aliyeweza kutueleza aliungulia wapi wala saa ngapi. Tulimtoa.

Tofauti ya kituo hiki inaonekana getini. Mlezi wa zamu huchuchumaa mbele ya mtoto, humsalimia kwa jina, kisha humtazama macho, ngozi, mikono na miguu huku akiniuliza, "Mama mdogo, ameamkaje leo? Amekunywa chochote?" Majibu yangu huandikwa kwenye daftari la mapokezi. Mchubuko aliotoka nao nyumbani huandikwa papo hapo mbele yangu, na ule atakaoupata mchana huandikwa na mlezi, pamoja na saa na huduma aliyopewa. Daftari hilo lina pia majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Shemeji yangu, mtu mzima anayeheshimika mtaani, alizuiwa nje mpaka nilipopigiwa simu; alinuna, nami nikafurahi. Karibu na mlango wamebandika namba 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo hupigwa bila malipo, pamoja na jina la afisa ustawi wa jamii wa kata, ili mzazi mwenye shaka, hata juu ya kituo chenyewe, ajue pa kwenda.

Kuhusu afya, mtoto hapokelewi bila kadi ya kliniki. Yetu ilionesha kwamba alikosa chanjo ya pili ya surua na rubela, inayotolewa akiwa na miezi 18, na tukaelekezwa zahanati siku hiyo hiyo. Kila mwezi walezi hupima mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono wa kushoto kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali unaohitaji matibabu bila kuchelewa. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano, na 12.5 kuendelea ni kijani. Wetu alianza kwenye njano na sasa yuko kijani. Ninachokithamini ni kwamba walezi hawajigeuzi waganga. Wakiona homa, humtenga mtoto apumzike na kumpigia mzazi simu, wala hawana kabati la dawa za kugawa.

Jiko lao ndilo lililonishawishi zaidi. Uji hupikwa kwa unga wa uwele au mtama na karanga zilizosagwa, na katika mkoa wetu huwezi kutaja karanga na mahindi bila kufikiria sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka na karanga, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuchemsha uji hakuiondoi sumu hiyo, hivyo kazi yote iko kwenye kukausha, kuchambua na kuhifadhi. Nilimkuta mpishi amemwaga karanga kwenye ungo, akizitenga moja moja zile zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye doa la kijani, na alipomaliza alizitupa shimoni, hakuwapa kuku. Magunia yake yamekaa juu ya chaga, mbali na ukuta. Nilimuuliza kwa nini wasinunue tu unga wa lishe uliochanganywa tayari dukani, akanijibu kwamba unga wa aina hiyo hauonyeshi karanga zake zilikuwaje. Mama huyo hajasomea lishe, lakini jibu lake lilinitosha.

Nje ya jiko kuna vibuyu chirizi, yaani vyombo vya kunawia vya kutiririsha maji, na watoto hunawa mikono na pia uso. Si urembo. Kwa vumbi la kiangazi chetu na nzi wake, uso mchafu ni njia ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao umepofusha watu wengi katika mikoa hii ya kati.

Upande wa kujifunza, nina sifa na lawama. Siku za mwanzo mlezi mmoja alimpokea mtoto wetu kwa "mbukwa", salamu ya Kigogo, na kuendelea kumsemesha Kigogo huku akipenyeza Kiswahili taratibu, jambo lililomfanya aache kujibanza kwenye sketi yangu. Kwenye mkeka watoto hupanga visoda kwa rangi, hujenga kwa magunzi, husimulia hadithi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na ujifunzaji wa awali kuwa ni kitu kimoja kisichogawanyika, na asubuhi za kituo hiki zinafuata mwelekeo huo. Mchana hali hubadilika. Baadhi ya wazazi wanadai kuona daftari lenye herufi, na ili kuwaridhisha, watoto wa miaka mitatu huketishwa kunakili "a" mstari mzima, wakisinzia. Nimelisema hilo kwenye kikao cha wazazi na nikaonekana sitaki mtoto wangu asome.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Choo ni cha shimo chenye tundu la kipimo cha mtu mzima, na mtoto mdogo hawezi kuachwa aende peke yake. Mlezi mmoja akimsindikiza, mwenzake anabaki na kundi lote. Walezi hulipwa kidogo na huondoka, na kila anapoondoka mmoja mtoto wetu hurudi nyuma siku kadhaa, halali wala hali vizuri. Kituo hufungwa saa kumi na nusu, muda unaomfaa mtumishi aliyetoka kazini saa tisa na nusu na kupata usafiri kwa wakati, lakini haumfai mama muuza mboga ambaye wateja wake ndio kwanza wanafika sokoni.

Ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi, pamoja na kilo chache za uwele baada ya mavuno. Anayeomba nafasi aje na kadi ya kliniki na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Sisi hatukuwa na cheti, na kituo kilituelekeza kwenye ofisi ya kata, ambako mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, bila malipo. Cheti hicho tutakihitaji tena atakapoandikishwa elimu ya awali akifika miaka mitano. Wazazi tumekwisha kuchanga matofali ya choo cha watoto. Bado saruji na fundi, na mwenye mtoto pale ambaye hajatoa mchango wake anajijua.