Bodi ya kwanza ya FPGA: ununue ipi?

Anayeanza FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe, huuliza kwanza ina seli ngapi za mantiki (vijisehemu vinavyojenga saketi hizo). Swali hilo liweke kando. Kaunta, saa ya kidijitali, hata prosesa ndogo ya RISC-V, vyote vinaenea kwenye seli 5,000. Kinachowakimbiza wengi ni programu za kompyuta zinazoandamana na bodi. Kwa hiyo nimezipanga bodi hizi kwa kigezo kimoja: ukishaandika mstari wa Verilog (lugha ya kueleza saketi), unangoja kiasi gani hadi taa iwake?

Ya kwanza ni iCEBreaker. Chipu yake ni iCE40UP5K ya kampuni ya Lattice, yenye seli 5,280. Zana zake, Yosys na nextpnr, zinazogeuza Verilog kuwa saketi ndani ya chipu, ni programu huria: hakuna leseni, na muundo mdogo hukamilika kwa sekunde chache. Tengeneza kaunta ya biti 24, iendeshe kwa saa ya bodi (mapigo yanayoongoza saketi) ya 12 MHz, kisha biti ya juu kabisa uiunganishe na taa. Mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima utachukua kama sekunde 1.4. Shuka biti moja, kasi inaongezeka maradufu. Mchezo huo mdogo unakufunza jambo ambalo waliozoea maikrokontrola (chipu zinazoendesha programu) huchelewa kulikubali: hakuna mistari inayotekelezwa mmoja baada ya mwingine. Umejenga saketi, na flipu-flopu zote 24, kila moja ikishika biti moja, zinafuata pigo lilelile la saa.

Ya pili, Basys 3. Ina swichi 16, taa 16, vitufe 5, onyesho la tarakimu 4 na tundu la VGA, kwa hiyo hutahitaji kununua kitu kingine kwa muda mrefu. Kwa anayesoma somo hili chuoni ningeipandisha iwe ya kwanza. Tatizo ni Vivado, programu yake ya kompyuta. Kwa chipu ya bodi hii ni ya bure, lakini inameza makumi ya gigabaiti za diski, haina toleo la Mac, na hata taa ya kumetameta utaisubiri dakika kadhaa.

Tang Nano 9K ni ya tatu, na ndiyo ya bei nafuu kuliko hizo mbili. LUT 8,640 (LUT ni kiini cha seli ya mantiki) na tundu la HDMI kwenye bodi ndogo hivyo, si haba. Maelezo yake ndiyo yametawanyika, utachimba mwenyewe. Jua mapema kwamba taa zake huwaka pini ikiwa 0, usije ukadhani umekosea msimbo.

DE10-Nano ni bodi nzuri, ila ina prosesa za ARM ndani yake na mambo mengi ya kujifunza kwa mpigo. Iache iwe ya pili kununua. GAL22V10, chipu ya mantiki ya zamani yenye makroseli (vijisehemu vya mantiki) 10 tu, inamfaa anayekarabati kompyuta za zamani, na utahitaji pia kifaa cha kuiprogramu.

Kabla ya kulipa, hakikisha bodi inaprogramiwa kwa USB moja kwa moja, na kwamba faili ya majina ya pini inapatikana. Pini za bodi tatu za mwanzo usizipe volti 5. Mwisho wake ni 3.3. Na kama bado unasitasita, sakinisha Icarus Verilog (programu ya kuigiza saketi) na GTKWave (ya kuonyesha mawimbi ya ishara zake) uandike kaunta ile ile leo. Mawimbi yake utayaona kwenye skrini bila bodi yoyote.