Dreamwidth: sehemu ya watu wasio na haraka, rivyu kutoka Dodoma

Kama unatafuta sehemu ya kupata laiki elfu kwa usiku mmoja basi hii rivyu haikuhusu, we endelea na Insta yako. Hii ni ya wale wenye kagrupu kao ka watu ishirini thelathini, wanapenda kuongea vitu vya maana, na wamechoka kuona maongezi mazuri yanafukiwa na "asubuhi njema wapendwa" na mapicha ya maua kabla hata jua halijachomoza vizuri.

Sisi ni watu wa zabibu. Wengine wana mashamba Hombolo, wengine Makutupora, wengine wapo mjini tu Area D wana miche kadhaa nyuma ya nyumba na kelele nyingi kuliko wenye mashamba, na wapo wa Kondoa na Mpwapwa ambao zabibu hawana kabisa, wanapenda stori tu. Tulikuwa WhatsApp kama kila mtu. Na WhatsApp sio mbaya jamani, kwa jambo la haraka hakuna mpinzani, ukitaka kujua lori linatoka Hombolo saa ngapi unauliza huko huko unajibiwa. Shida ni kwamba mtu akikaa chini akaeleza kupogoa kwa utaratibu, lini unakata, unaacha macho (vichipukizi) mangapi, kidonda unakifanyaje, kesho yake yale maelezo yako huuuko juu, mwezi ujao anaingia mgeni anauliza swali lilelile na hakuna mwenye nguvu ya kuandika tena. Ndo tukahamishia maongezi marefu Dreamwidth, WhatsApp ikabaki ya salamu, misiba na malori.

Kwa asiyeijua: Dreamwidth ni mtandao wa kuandika, kila mtu ana jarida lake, na mnaweza kufungua jumuiya ambayo wanachama wote wanaandika sehemu moja. Ipo tangu 2009. Waanzilishi ni Denise Paolucci na Mark Smith, wote walishafanya kazi LiveJournal, na mfumo wenyewe waliujenga juu ya ule wa LiveJournal kwa sababu ulikuwa umeachwa wazi mtu yeyote autumie. Wakongwe wa intaneti wanaikumbuka LiveJournal, ilianza 1999, 2005 ikachukuliwa na Six Apart, 2007 ikauzwa kwa kampuni ya Urusi inaitwa SUP, na kila mwenye nyumba mpya akija na masharti yake wapangaji wanafungasha. Hawa wa Dreamwidth waliona hayo yote kwa macho yao, wakasema tangu siku ya kwanza hakuna matangazo, hela itatoka kwa watumiaji wanaoamua kulipia. Mpaka leo iko hivo. Nalitaja hili mapema kwa sababu kujenga jumuiya ni kazi ya miaka, sasa ukaijenge sehemu ambayo kesho inauzwa au inaamua kwamba posti zako zisionekane mpaka ulipie, utalia.

Sasa kinachoifanya iwe ya taratibu ni nini? Kwanza hakuna algoriti. Ukifungua ukurasa wako wa kusoma unakuta posti za uliowachagua, ya karibuni juu, ya zamani chini, basi. Ukimaliza umemaliza, hakuna kitu kinakusukumia video ya mtu anakaanga chipsi. Pili hakuna kitufe cha laiki. Mwanzoni watu wetu walilalamika sana, mtu anasema nimesoma nimependa sasa nafanyaje? Unaandika, mkuu! Andika hata "nimekuelewa, nami kwangu ilitokea". Na hapo ndo utamu unaanzia, kwa sababu mtu akilazimika kuandika sentensi moja mara nyingi anaandika tatu, na kwenye ile ya tatu kuna kitu hukukijua.

Komenti zinakaa kwa ngazi, jibu chini ya jibu, kwa hiyo mnaweza kuongea mambo matatu chini ya posti moja bila kugongana. Na mtu akikujibu unapata imeili. Hii ya imeili usiidharau, maana kwa watu wenye mtandao wa kusuasua ndo inayowarudisha. Mwenzetu mmoja wa vijijini Mpwapwa anapata neti ya maana akija mjini tu, lakini akija anakuta maongezi bado yapo, hayajampita, anajibu komenti ya wiki mbili zilizopita na hakuna anayemshangaa. Jaribu kujibu meseji ya wiki mbili kwenye grupu la WhatsApp uone watakavyokuuliza umelala wapi. Kurasa zenyewe ni maandishi tu, kibando kidogo kinatosha.

Nitoe mfano mmoja maana bila mfano mtasema napiga debe. Kijana mmoja aliweka picha ya majani yake ya zabibu yana unga mweupe, akaandika "shikamooni wakubwa, hii ni nini, nimechanganyikiwa". Kwenye grupu la kawaida hapo angepata majina ya dawa kumi na ugomvi mmoja. Siku iliyofuata mwalimu wetu mstaafu akaja, akaanza na "marahaba kijana", kisha badala ya dawa akauliza maswali. Matawi yamebanana? Hewa inapita? Unamwagilia saa ngapi? Kijana akaenda shambani kweli akaangalia, akarudi kesho kutwa na majibu. Kumbe ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na matawi yalikuwa yamefungana hayaoni mwanga. Mwalimu akamwambia apunguze matawi kwanza, kisha dawa ya salfa, na salfa usipulizie jua kali maana majani yanaungua, na jua la Dodoma mnalijua. Dada mmoja wa Makutupora akaongezea alivyofanya yeye kwake, mwingine akapinga kidogo kwa adabu. Maongezi yote yakaisha baada ya zaidi ya wiki. Tukayawekea lebo ya "ubwiri", na sasa kila msimu ukifika, mgeni akiuliza tunampa linki, anasoma, halafu anauliza swali la juu zaidi. Hiyo ndo tofauti yenyewe, maswali yanapanda darasa.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba wametenganisha kumfuatilia mtu na kumpa ruhusa. Sehemu nyingi ukimkubali mtu umemkubalia kila kitu. Hapa unaweza kusoma ya mtu bila kumfungulia zako za ndani, na unaweza kumfungulia mtu wa kuaminika hata kama huna muda wa kumsoma kila siku. Unaweza pia kugawa watu makundi, posti hii waone ndugu tu, hii waone wa zabibu tu. Kwa mji huu uliojaa watumishi hilo sio jambo dogo, bosi wako kule Mtumba anaweza kukufuatilia akasoma mambo ya miche na asijue kabisa kama una jambo la familia uliloandika jana usiku.

Upande wa uongozi, mwenye jumuiya anachagua: kila mtu aingie, au waombe kwanza, au imefungwa kabisa. Anaweza kuzipitia posti kabla hazijatoka. Na kuna kitu cha kugandisha maongezi, nakipenda kupita kiasi. Kuna siku watu walishikana kuhusu bei ya mnunuzi fulani, mambo yakawa ya kikabila kikabila hivi, mwenyekiti wetu akaligandisha lile tawi moja tu la komenti. Maneno yakabaki yanasomeka, hakuna aliyefutwa, ila huwezi kuongeza. Matawi mengine ya posti ileile yakaendelea kama kawaida. Hakuna aliyeondolewa, hakuna aliyetoka kwa hasira akarudi baada ya saa moja na linki.

Ila msidanganyike, mtandao haujengi jumuiya, unawapa sehemu tu. Sehemu ya taratibu isipokuwa na mwenyeji inakufa kimya kimya, tena bila hata mtu kugundua, maana kimya ndo hali yake ya kawaida. Sisi tuna mama mmoja, namwita mama kwa heshima sio umri, yeye kazi yake ni mbili. Mgeni akiandika posti ya kwanza lazima apate komenti, na sio "karibu" tu, bali swali linalohusu alichoandika. Na kila Jumamosi anaweka swali dogo lenye jibu, sio "mnaonaje kilimo cha zabibu?" ambalo halijibiki, ni "nguzo zako ni za mti gani na zimekaa miaka mingapi?" Hapo hata yule bubu wa grupu anajibu kwa sababu nguzo anazo. Nimeona jumuiya nyingine mle ndani zina wanachama wengi na posti ya mwisho ni ya miaka iliyopita, na ukisoma unaona wazi kilichotokea, watu walikuwa wanaandika na hawajibiwi.

Haya mabaya yake, yapo. Hakuna apu rasmi ya simu, unaingia kwa brauza, kwa vijana wetu hiyo peke yake ni sababu ya kutokujiunga. Muonekano ni wa zamani, mdogo wangu aliuliza kama hii ni intaneti ya kipindi cha Mkapa. Lugha ya mfumo ni Kiingereza, nyie mnaandika Kiswahili bila shida yoyote ila vitufe na mipangilio ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo wazee wetu walihitaji mtu wa kukaa nao pembeni siku ya kwanza. Picha nazo zina mzunguko, unaipandisha sehemu yake kwanza, unachukua msimbo wake (code), ndo unaubandika kwenye posti. Kwa jumuiya ya picha picha nisingeshauri.

Malipo: ya bure inatosha kabisa kwa kuandika, kukomenti na kufungua jumuiya. Ya kulipia ni dola 35 kwa mwaka, ipo na kubwa zaidi ya dola 50, inakupa vitu kama kuanzisha kura za maoni na kutafuta maneno ndani ya jarida. Sisi tunachanga tunailipia jumuiya, hiyo ya kutafuta kwa grupu lenye maelezo mengi ina thamani yake. Kulipa kwa M-Pesa moja kwa moja sahau, tafuta mwenye kadi.

Jambo moja la kwetu Tanzania, maana najua kuna mtu atauliza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni na ada ya shilingi milioni moja kwa wenye blogu, na wengi walifunga virago kipindi kile. Kanuni zimebadilishwa baada ya hapo, kwa hiyo kama nia yako ni kurusha habari hadharani kama chombo cha habari kasome zilivyo sasa kabla hujaanza. Kuongea nguzo na ubwiri na wenzako kwenye jumuiya ya wanachama ni habari nyingine, ila kusoma hakuui.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibania kwa sababu ya simu, na sidhani kama watairekebisha leo wala kesho, ni watu wachache na hawana papara kama wateja wao.

Ukitaka kujaribu, kuna kipindi kila mwaka kuanzia 25 Aprili mpaka 15 Mei wanakiita Three Weeks for Dreamwidth, watumiaji wanahamasishana kuandika zaidi na unakuta mle ndani kumechangamka. Kwetu huku inaangukia vizuri, mvua zinakuwa zimekata, zabibu za mkupuo wa kwanza zimeshauzwa au zimeshamwagwa kwa kukosa soko, na watu wana la kusema.