Rufus au Ventoy: flashi ipi itawasha laptopu iliyogoma?

Fundi wa Arusha hupokea laptopu za mtumba za kila umri, na hapo ndipo inapoonekana tofauti ya Rufus na Ventoy, programu mbili za kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta na kusakinisha mfumo endeshi kama Windows.

Rufus huandika mfumo mmoja tu na kufuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi. Nguvu yake ni kwamba unachagua mwenyewe mpangilio wa flashi: MBR, ambao kwa kawaida ni wa BIOS (programu ya zamani inayoanzisha kompyuta), au GPT, wa UEFI (mrithi wa BIOS). Flashi nyingi hugomea hapo: iliyoandaliwa kwa UEFI pekee haitawaka kwenye mashine ya zamani yenye BIOS, na ya BIOS pekee haitawaka kwenye mashine mpya. Mteja akiona skrini nyeusi na kistari kinachopepesa, anaamini diski imekufa. Masikini, diski yake ni nzima kabisa.

Ventoy unaisakinisha mara moja, kisha unanakili faili za ISO (kila moja ni nakala kamili ya mfumo) kama unavyonakili nyimbo. Mifumo ya Windows, Ubuntu na Mint inakaa pamoja, na flashi inawaka kwenye BIOS na UEFI. Kikwazo chake ni Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyotambuliwa kuiwasha kompyuta: mara ya kwanza huja skrini ya bluu, na wengi hukata tamaa hapo. Sajili ufunguo wa Ventoy kwenye skrini hiyo, uwashe upya. Ukiamua kuzima Secure Boot kabisa, hakikisha kwanza mteja ana ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski), la sivyo atafungiwa nje ya mafaili yake.

Mimi kwa kazi za kila siku nachagua Ventoy. Rufus naiweka kwa mashine moja kaidi inayokataa menyu ya Ventoy.