Kliniki ya jioni hapa Malindi: maoni ya mama karanga

Jina la kituo hiki, kinachopima virusi vya UKIMWI na kutoa dawa za kujikinga navyo, silitaji, kwa sababu nina jambo zito la kuwalalamikia na sitaki wahudumu wazuri waumizwe kwalo. Anayetaka kwenda ataelekezwa na mwelimishaji rika yeyote anayepita kule madau yanakoshukia. Nawaandikia hasa kina mama karanga wenzangu, tunaonunua samaki wadogo ufuoni, tukawakaanga na kuwauza jioni mitaani. Dada wa baa na bichi boi nao yatawafaa.

Sifa yao ya kwanza ni saa. Hospitali ya serikali inapima na kutoa dawa bure, lakini foleni yake ni ya asubuhi, na asubuhi ndipo wavuvi wanaporudi. Ukikosa dau, umekosa mtaji wa kesho. Hawa hufungua alasiri na kuendelea mpaka giza liingie, nawe unaweza kupita ukitoka kuuza.

Sifa ya pili ni maswali yao. Mwuguzi aliyenihudumia hakuanza na mume wangu yuko wapi. Aliniuliza ndoo ya samaki inakuwa bei gani wakati wa kusi. Hapo nikajua ameketi na watu wetu akawasikiliza. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki. Samaki kidogo anayepatikana humwendea tajiri mwenye pesa mkononi na friji nyumbani. Mama mwenye mtaji wa mia chache husimama na ndoo yake tupu hadi aambiwe, "Wewe chukua tu, pesa tutaongea baadaye." Sote tunajua baadaye ni lini na maongezi ni yapi. Kule ziwani Nyanza jambo hili la kulipia samaki kwa mwili lina jina, jaboya, na linazungumzwa waziwazi. Huku kwetu tunalinyamazia. Na miezi hiyo hiyo hoteli nyingi hufunga kwa kukosa wageni, kwa hivyo binti aliyekuwa akitandika vitanda kwenye hoteli za Casuarina naye huwa mtaani akitafuta wa kumlipia kodi.

Mtaani wanasema ni tamaa. Maneno hayo yananichoma, maana wanaosemwa nawajua, na nimekaa nao jikoni kwao. Mwanamke aliyechukua samaki kwa deni hawezi kumwambia nahodha avae mpira kwa sauti ya mwanamke aliyelipa taslimu. Kijana wa ufuoni anayelishwa na mgeni mwenye umri wa nyanyake naye yuko pale pale. Anayeshika pesa ndiye anayeamua kama mpira utavaliwa, na virusi hupitia hapo. Kliniki hii imelielewa hilo, ndiyo maana haikupotezi muda kwa mahubiri.

Walinieleza PrEP vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa popote. Ni vidonge vya kumkinga mtu asiye na virusi asivipate, na Kenya inavitoa tangu 2017. Hunywewa kila siku, na kabla ya kupewa unapimwa virusi. Havikingi mimba, kaswende wala kisonono, na siku za mwanzo bado havijakujaa mwilini, kwa hivyo mpira haukwepeki. Kwa aliyekwisha kuingia hatarini ziko dawa nyingine, PEP, zinazotakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita na kunywewa siku 28. Hili la saa 72 mwambieni kila mtu, hata shemeji zenu. Ukilazimishwa Ijumaa usiku, usingoje Jumanne.

Kopo la vidonge ndilo linalowatisha wengi. Linafanana na la ARV, dawa za wanaoishi na virusi, na linalia ukitembea, na mume au jirani akilisikia tu hukumu imeshapita. Mwuguzi alitupatia pamba ya kujazia ndani ili lisilie. Kitu kidogo, lakini anayelala chumba kimoja na mama mkwe anajua thamani yake.

Sasa lawama yangu. Bawabu wa getini huita kwa sauti, "Wa vidonge, laini hii!" na wa vidonge wana benchi lao peke yao, linaloonekana na kila anayepita barabarani. Nimeona dada akifika getini, akasikia mwito ule, akageuka na tuktuk ile ile iliyomleta. Sheria ya UKIMWI ya 2006 inalinda siri ya majibu yako, lakini benchi lile linakutangaza kabla hujapimwa. Wakubwa wa kituo, tafadhali, changanyeni watu. Wa presha, wa uzazi wa mpango na wa vidonge wakae pamoja, na bawabu afundishwe kusema karibu tu.

Jambo jingine ni dawa kupungua. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, huduma za namna hii zilitikisika nchi nzima. Hawa nao walifunga, na waliporudi walirudi na wahudumu wachache. Zamani ulipewa kopo za miezi mitatu, siku hizi unaweza kupewa ya mwezi mmoja ukaambiwa urudi. Kwa mama wa Mambrui nauli hiyo ni samaki wa siku nzima.

Nawapongeza pia kwa binti wa shule niliyemkuta pale. Hawakumfukuza wala kumkaripia. Walimpeleka chumba cha ndani na afisa wa watoto akaitwa, kwa sababu binti akiwa chini ya miaka 18, mwanamume aliyelala naye ana kesi, hata kama alinunua sare na kulipa karo.

Nendeni kabla ya Aprili. Foleni hurefuka kusi ikianza, na mwenye kuanza vidonge sasa atakuwa ameshazoea kuvinywa. Fikeni mara tu baada ya alasiri, na kama mna kadi ya zamani ya kliniki yoyote, ibebeni.